Rejista ya Jumatatu

Zilirudi barua thelathini. Zilipaswa kurudi thelathini na moja.

Mtu mwingine angesema afadhali, takataka zimepungua, akaendelea na chai yake. Katibu hakuwa mtu mwingine. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mwalimu wa darasa, na mwalimu wa darasa akihesabu vichwa akakuta kimoja hakipo hawezi kukaa chini, hata kama vichwa vyenyewe ni vya watu waliokwisha kuzikwa.

Maana barua hizo zilikuwa za marehemu. Tuelewane hapo mapema. Chama cha walimu wastaafu kilikuwa na orodha ya barua pepe yenye wanachama mia mbili na kumi na wanne, na kati yao mia moja themanini na watatu walikuwa hai, wengine kwa shida lakini hai. Waliobaki walikuwa chini ya udongo. Wakati orodha inaanzishwa, Katibu aliwaeleza wenzake kwamba mashine ina kipengele chake: anwani ikirudisha barua mara kadhaa, inafutwa yenyewe, mwenyewe awe amekufa au amehama. Mkutano ulichafuka. Mwalimu wa Michezo, mzee wa miaka sabini na tisa ambaye bado hutembea na filimbi shingoni kama mtu anayetegemea mechi wakati wowote, alisimama akasema mwalimu haondolewi kwenye rejista na mashine. Wakapiga makofi. Katibu akakizima kile kipengele, na tangu hapo kila barua ya chama ilikwenda kwa wazima na kwa wafu. Za wafu zilirudi na maneno yaleyale: hakuna mpokeaji kwenye anwani hii. Yeye alizikusanya kwenye faili lake, moja moja, kama mtu anayefagia makaburi.

Mkutano huohuo ulipitisha jambo la pili, kwamba mtu akijibu barua ya orodha, jibu liende kwa wote. Wazee walitaka kusikiana. Walisikiana kweli. Siku Mwalimu wa Kilimo alipomwandikia mkewe kwamba amesahau nyumbani dawa yake ya bawasiri, watu mia moja themanini na wawili walimpa pole, na wanne wakamtajia nyingine iliyo bora zaidi.

Na kila Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, saa ambayo zamani kengele ya gwaride ingelia, Katibu alituma barua yenye neno moja: Mahudhurio. Nao wakajibu, mmoja mmoja, kwa wote: Nipo. Nipo. Nipo, ila goti. Nipo kwa neema. Asiyejibu hadi adhuhuri alipigiwa simu. Hivyo ndivyo walivyochungana.

Jumatatu hiyo Katibu alihesabu barua zilizorudi mara tatu. Thelathini. Akapitia majina kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, akagundua ni barua ya nani iliyopokelewa.

Ilikuwa ya Desimali.

Desimali alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu aliyeweza kumpa mwanafunzi alama arobaini na moja nukta saba tano na akalala usingizi. Alikuwa amekufa miezi minane iliyopita. Katibu mwenyewe alisimama kando ya kaburi lake, akakanyaga udongo wake kwa viatu vyake.

Bado ameshika kikombe, barua mpya ikaingia. Ilitoka kwenye anwani ya Desimali, na ilikwenda kwa wote.

Nipo.

Orodha ikalipuka. Mwalimu wa Michezo aliandika kwamba mjukuu anayechezea simu ya marehemu atafutwe achapwe. Mama mmoja aliyesoma bila miwani alimjibu, shikamoo kaka, umepotea sana. Wengine wakaomba dua, wengine wakacheka. Lakini aliyemjibu wa kwanza, kabla hata ya kufumba na kufumbua, alikuwa Ramani.

Ramani alikuwa mwalimu wa jiografia, rafiki wa Desimali tangu chuoni, na mume wa Katibu. Wakati huo alikuwa amelala chumba cha pili, bandeji kwenye macho yote mawili. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, na daktari alimwamuru wiki tatu za giza. Kwa kuwa hajawahi kukosa mahudhurio hata siku moja, alitegesha jibu la mashine kwenye barua pepe yake kabla ya kwenda hospitali, na jibu lenyewe lilisema: Nipo. Ila macho yamefungwa. Nitajibu nikifunguliwa. Mashine ilimjibu kila aliyeandika, na wazee walifurahi, wakasema Ramani ana adabu hata akiwa kitandani. Sasa mashine hiyohiyo, isiyojua nani mzima nani marehemu, ilikuwa imemwitikia Desimali.

Katibu alimpigia simu mjane. Mjane alimweleza kwamba anaishi kwa binti yake, nyumba yao ilifungwa tangu msiba, simu ya marehemu ilizikwa kwenye droo ikiwa imekufa betri, na anwani yake ya barua pepe kijana wao aliifunga kabisa. Hakuna mtu anayeitumia. Akauliza kwa nini. Katibu akasema hakuna, anasafisha kumbukumbu za chama tu.

Alipokata simu alisikia harufu. Haikuwa ya uozo, wala ya manukato. Ilikuwa harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu: vumbi lililolowana, popo kwenye dari, nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Ilitoka upande wa meza yake. Akainama akanusa kibodi, kisha akajiona mjinga akaacha.

Kutoka chumbani Ramani akauliza taratibu, "Mke wangu, nani anaburuta madawati?"

Hapakuwa na madawati. Alimjibu ni majirani.

Jumanne saa mbili kamili ikaja barua nyingine kutoka kwa Desimali. Safari hii haikuwa jibu. Ilikuwa wito, neno moja na alama ya kuuliza: Ramani? Na sekunde ileile mashine ya Ramani ikaitika, mbele ya watu wote: Nipo. Ila macho yamefungwa. Nitajibu nikifunguliwa. Katibu aliyaona maneno hayo yakitokea kwenye kioo na palepale akamsikia mumewe chumbani akisema kwa mdomo wake, kwa sauti ya mtoto aliyenyooka kwenye mstari, "Nipo."

Jumatano Katibu alimfuta Desimali kwa mkono wake mwenyewe. Alitafuta jina, akabofya ondoa, akaona limetoka, akashusha pumzi. Lakini mashine za orodha zina adabu kuliko watu. Humtumia aliyeondolewa barua ya kumuaga: umeondolewa, kama ni kwa makosa jibu barua hii. Haikupita hata sekunde. Nipo. Na jina la Desimali likarudi mahali pake. Saa mbili kamili akamwita Ramani, na Ramani akaitikiwa na mashine yake.

Katibu akataka kulizima lile jibu. Lilikuwa ndani ya barua pepe ya mumewe, na nywila ilikuwa ndani ya kichwa cha mumewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamwuliza kwa upole, kisha kwa kubembeleza, kisha kwa sauti ile ambayo zamani ilinyamazisha darasa la watoto sitini. Ramani aligeuza uso wenye bandeji upande wa ukuta, kama anayesikiliza mtu mwingine anayezungumza kwa mbali. Mkono wake ulikuwa na ubaridi wa sakafu. Chai aliyomwekea asubuhi ilikuwa palepale, imeota ngozi. Katibu alijaribu kukisia: akaandika jina la mto, la mlima, la bahari, la mama mkwe, siku ya harusi yao, na hiyo ya harusi ilipokataliwa aliumia kidogo hata katikati ya hofu. Baada ya jaribio la tano mashine ikamfungia.

Ijumaa alipata wazo la kumwandikia. Kama mtu huyu anasikia barua tu, basi apate barua. Akafungua mashine ya orodha, akamwandikia yeye peke yake: Mume wangu, ni mimi, usiitike. Akatuma. Ikarudi.

Hakuna mpokeaji kwenye anwani hii.

Akatuma tena, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba na kompyuta mikononi, akimtazama mumewe akipumua hatua sita mbele yake. Ikarudi. Akatuma ya tatu, ikarudi. Akatuma ya nne, kwa sababu hakuwa tayari kuamini, na hiyo pia ikarudi na maneno yaleyale aliyoyazoea kwa marehemu. Barua ya mke haikuingia. Ya Desimali iliingia kila asubuhi kama mwenye nyumba.

Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Kitu chenyewe kilifuata ratiba ya shule, na Katibu alipogundua hivyo alicheka peke yake jikoni, kicheko kifupi kibaya, kisha akaziba mdomo.

Jumatatu iliyofuata alituma mahudhurio kwa sababu aliogopa kutotuma. Barua za marehemu zilizorudi hazikuwa thelathini. Zilikuwa ishirini na sita. Mama Maktaba, aliyefariki miezi miwili tu iliyopita, aliandika Nipo. Mwalimu wa Muziki aliandika Nipo. Wawili wengine wakafuata. Watu hawakucheka tena. Wengi waliacha kuandika kabisa, na Mwalimu wa Michezo alimpigia Katibu simu kumwuliza kwa kunong'ona, mzee wa filimbi huyo, kama na yeye nyumbani kwake anasikia chaki ikikwaruza. Kisha Desimali akamwita Ramani, na Ramani akaitika, kwa mashine na kwa mdomo, na harufu ya nyumba iliyofungwa ikatoka chini ya mlango wa chumbani, ikatanda sebuleni hadi kwenye mapazia.

Mchana huo Katibu alimpigia Chelewa.

Chelewa alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyepewa jina hilo kwa sababu katika miaka saba ya shule hakuwahi kuiona kengele ya asubuhi ikigongwa. Sasa alikuwa mama mzima mwenye mwili wake, na kazi yake ilikuwa kutoa majini. Aliwatoa kwenye maduka, kwenye magari, kwenye watoto wa watu, na inasemekana mara moja alimtoa jini kwenye kiti cha ofisi fulani, na mkurugenzi aliyekuwa amekataa kukiachia kiti hicho akatoka pamoja naye. Alimsikiliza mwalimu wake bila kumkatiza. Alisema anwani ni nyumba, mwalimu. Mwenyewe akifa, nyumba inabaki tupu, na nyumba tupu inabomoka, basi. Lakini nyie mlipeleka chakula mlangoni kila Jumatatu. Kuna walio na njaa wanaopita barabarani ambao si watu. Mmoja amenusa, ameingia, amewaita wenzake. Huyo si Desimali. Desimali amelala zake.

Kisha akauliza swali lililomfanya Katibu akae chini. Aliuliza Ramani amemwitikia huyo mara ngapi.

Katibu alihesabu kwenye vidole. Jumatatu ile ya kwanza. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Leo.

"Sita," akasema.



"Mwalimu," Chelewa akasema, "ya saba haina kurudi. Akiitika ya saba atakuwa wa kwao, utabaki na mwili unaokula uji. Usifunge orodha leo, utamfungia humohumo ndani. Usimfute mtu. Nakuja kesho kabla ya saa mbili."

"Usichelewe, mwanangu."

"Mwalimu nawe."

Siku ya pili saa moja na nusu Chelewa hakuwepo. Saa mbili kasorobo hakuwepo. Saa mbili kasoro dakika kumi aligonga, anahema, kiatu kimoja mkononi kwa sababu kilikatika njiani, na chetezo kwenye mfuko wa plastiki. Katibu alimwangalia kwa jicho lile la zamani na Chelewa, mwanamke anayetisha mashetani, akainamisha macho akasema samahani mwalimu, foleni.

Alitazama chetezo, akatazama kompyuta, akakirudisha chetezo kwenye mfuko. Alisema kitu hicho hakina pua ya kufukizwa, kina mdomo tu. Akavuta kiti, akataka aonyeshwe mipangilio ya orodha.

Walinong'onezana kama watu wanaofungua kitasa cha mwenyewe aliyelala ndani. Kwanza jibu. Linakwenda kwa wote, na ndani ya wote yumo yeye. Kwa hiyo Ramani akiitika, anaitika sikioni mwake. Chelewa aliuliza kama jibu linaweza kupelekwa pengine. Katibu alimwonyesha: kwa wote, kwa aliyeandika, au kwa katibu peke yake. Kwa aliyeandika ilikuwa mbaya kuliko zote. Ikabaki ya tatu.

"Yatakuja kwangu," Katibu akasema.

"Yatakuja kwako."

Akabofya. Saa ya kompyuta ilisoma saa mbili kasoro dakika nne.

Pili, zile anwani tupu. Chelewa alitaka kile kipengele cha kufuta kiwashwe, ili nyumba zote ambazo bado ni tupu zibomolewe kabla hazijapata wapangaji. Mashine ikauliza: baada ya barua ngapi kurudi? Weka moja, Chelewa akasema, fagia haraka. Kidole cha Katibu kilikuwa kimeshafika kwenye namba kilipoganda, kwa sababu mwalimu wa darasa ndani yake alikuwa anahesabu bila kuombwa. Barua za Ramani nazo zilikuwa zinarudi. Nne za Ijumaa. Moja ya mahudhurio ya jana. Tano. Na ili mashine ifute, lazima barua itumwe sasa hivi, na hiyo kwake itarudi, ziwe sita.

"Akifutwa pamoja nao?" aliuliza.

Chelewa akatazama jina la Ramani kwenye kioo. "Ataondoka nao, mwalimu."

Katibu akaandika saba. Marehemu wote walikuwa wamezipita zamani, hata waliozikwa miezi miwili iliyopita hawakukosa wiki zao nane. Aliangalia hesabu yake mara ya pili, mara ya tatu, akaandika barua ambayo haikuwa na neno hata moja ndani yake, na kabla hajaituma, saa ikabadilika kuwa mbili kamili na wito ukaingia.

Ramani?

Na mashine ya Ramani ikaitika, na jibu likaja kwa Katibu peke yake, likatua kwenye sanduku lake likang'aa pale, Nipo, Ila macho yamefungwa, na chumbani mumewe akasema nipo kwa sauti hafifu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesikia isipokuwa mkewe na mtoa majini, na kile kilichoita kikangoja, unaweza kukisikia kikingoja, kimya kama cha darasa ambalo mwalimu ameuliza swali na hakuna mkono ulionyooshwa, halafu kikaita tena, Ramani, na tena, Ramani Ramani, barua zikaingia mfululizo juu ya kioo huku ndani ya ukuta madawati yakianza kuburutwa, kwanza moja, kisha safu nzima, na chaki ikikwaruza ubao ambao haupo, na sauti nyingi ndogo zikianza kukariri kwa pamoja kitu kisicho na maneno, na ile harufu ikipanda kutoka kwenye sakafu hadi magotini, hadi kifuani, nzito kama blanketi lililolowa, na kila jina lake likiitwa, Ramani alijibu kutoka kitandani na kila jibu lilikuja kwa Katibu na kukaa kwake, na Chelewa akamshika bega akamwambia sikioni tuma mwalimu, tuma, naye akatuma.

Barua zikaanza kurudi. Hakuna mpokeaji. Hakuna mpokeaji. Majina yakaanza kuanguka kutoka kwenye orodha, walimu aliowajua, aliokula nao, aliowachangia na kuwazika na kisha akakataa kuwaachia; wa Ufundi, wa Maarifa ya Nyumbani, Mwalimu Mkuu wa pili, kila mmoja akitoka bila kelele na bila kuaga, na Katibu akilia bila kupangusa kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Jina la Ramani likatetemeka. Namba pembeni yake ikasoma sita. Likabaki.

Zikabaki nyumba tano zenye wapangaji, ambazo haziwezi kubomoka zenyewe kwa sababu barua zao hazirudi. Hizo aliziondoa kwa mkono, na kila mara mashine ilipomwuliza kama atumiwe barua ya kumuaga, alifuta ile alama kwenye kisanduku, hakuaga mtu. Mama Maktaba. Mwalimu wa Muziki. Wa tatu. Wa nne. Alipofika kwa Desimali, barua ikaja kwake mwenyewe, kwa jina lake.

Mwalimu, mbona unanifuta na nipo?

Chelewa akatia kiganja chake kwenye mdomo wa Katibu. Katibu akabofya ondoa.

Madawati yakanyamaza katikati ya kuburutwa. Harufu ikakaa kwa muda, ikaanza kuisha, kama chumba kinachofunguliwa dirisha. Kisha Ramani akaita kutoka chumbani kwa sauti yake ya kawaida, ya mtu mwenye njaa na malalamiko, kuuliza ndani ya nyumba hii chai inanywewa siku gani.

Katibu aliangua kilio cha sauti, kisha akaenda kumpikia chai, kisha akarudi kuuliza nywila, na Ramani akamwambia kwa aibu kwamba ni jina la mbwa aliyekuwa naye kabla ya kuoa. Jibu la mashine likazimwa. Walikula mkate wote watatu kwenye kitanda cha mgonjwa. Chelewa alikataa malipo, akaomba tu afutiwe kwenye kumbukumbu yale makosa yake ya kuchelewa, na Katibu akamwambia hayo yamo kwenye wino.

Akiwa mlangoni, kiatu kimegandishwa kwa gundi, Chelewa aliacha utani. Alimwambia kitu hakikufa, kimetolewa nje tu, na mwenye njaa akitolewa nje hutafuta mlango mwingine. Kwenye orodha hakuna mlango tena. Lakini majibu yote ya mwisho yalikuja kwa Katibu, na huko nje sasa kinajua jina moja, lake.

"Siku arobaini, mwalimu. Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Hata kukohoa usikohoe. Sauti yako yoyote itakuwa jibu. Na mumeo vilevile, jina lake akilisikia asiitike."

Walikubaliana. Ramani aliapa chini ya bandeji zake. Aliyaweka maneno hayo moyoni vizuri, maana alikuwa ameonja, na usiku alishtuka mara mbili akauliza kama kuna aliyemwita. Wiki hiyo mahudhurio hayakutumwa. Wazee walipigiana simu wao kwa wao, na Mwalimu wa Michezo alipendekeza kurudia barua za kawaida zenye stempu.

Alhamisi, siku ya tisa, kiasi cha saa nane mchana, Katibu alikuwa jikoni anaosha vyombo, Ramani amekaa sebuleni kwenye kiti karibu na mlango, macho bado yamefungwa, bandeji zifunguliwe kesho. Jua lilikuwa kali. Jirani alikuwa anapiga zulia nje. Hakuna kitu kilichoburutwa popote.

Mtu akabisha hodi. Sauti ilikuwa ya mtoto wa shule, safi, yenye heshima.

"Shikamoo, mwalimu."

Haikutaja jina la Ramani. Naye alikuwa mwalimu maisha yake yote, na hakuna aliyemkataza kupokea salamu ya mtoto.

"Marahaba, mwanangu."

"Katibu yupo?"

Jikoni Katibu alisimama na sahani mkononi, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Alimwona mumewe kupitia uwazi wa mlango, uso wenye bandeji ukitabasamu kuelekea kwenye mwanga, na kizingitini mbele yake hapakuwa na mtu. Alifungua mdomo apige kelele. Akaufunga. Akaanza kutembea haraka kwa ncha za vidole, mkono umenyooshwa kumziba mumewe mdomo, na ilibaki kama hatua tatu hivi.

"Yupo," Ramani akasema kwa ukarimu, akivuta miguu yake kando kumpisha mgeni. "Pita, yuko jikoni."